Aliyeshika Tochi

Walinichagua kwa sababu ya alama zangu.
Mwalimu Kirarie alisoma orodha: "Kundi la nne, kiongozi huyu,"
nikainuka kana kwamba naitwa kupokea kombe.
Tulikuwa watano, na kazi moja:
kupandisha maji ya mfongo hadi zahanati ya Uru,
mita kumi na nane juu ya mgomba wa mwisho,
kwa pampu isiyokula dizeli wala umeme,
inayosukuma maji kwa kishindo cha maji yenyewe.

Niligawa kazi. Kwenye karatasi, niligawa.
Mbazi, vipimo. Saning'o, kuchomelea.
Mwantumu, hesabu za msuguano ndani ya bomba.
Aikaruwa, nilitafuta cha kumpa Aikaruwa,
hakuwa msemaji, nikamwandika "vifaa",
yaani kubeba.

Usiku, hosteli ikilala,
nilizifungua hesabu za Mwantumu nikazifanya upya.
Zikatoka vilevile.
Nikazifanya tena.
Mishono ya Saning'o niliipitia kwa ukucha
kama mama mkwe anayekagua sufuria.
Mwantumu akaacha kuniletea hesabu.
Saning'o akawa anafika saa nne, saa tano,
akichelewa kwa adabu.
Nami nikasema: unaona, usipowasukuma hawa.

Jumamosi ya majaribio, mwezi wa saba,
mlima umejifunika hata Kibosho haionekani,
Mama Ndewirwa, mwenye zamu ya maji, alitupa saa mbili
wala si dakika zaidi, maharage yake yanangoja.
Aikaruwa akasema, kwa sauti ya kuomba chumvi,
"Uzi wa kiungo hiki haujauma."
Nikasema, "Tuendelee."
Neno moja. Nililisema vizuri, kama kiongozi.

Maji yakapiga, tok,
yakapiga tena, tok,
mara ya tatu kiungo kikang'oka,
bomba likasimama kama nyoka aliyekanyagwa,
likammwagia tope Mwalimu Kirarie, daftari lake na tai.
Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.
Wote wanne walinitazama bila hasira,
kama watu wanaopita gari la mtu mwingine lililoharibika njiani.
Kazi haikuwa yao.
Nilikuwa nimewanyang'anya hata kushindwa.

"Ulijuaje?" nikamuuliza Aikaruwa,
ulimi mzito kama spana namba thelathini na mbili.
Akachuchumaa. Baba yake ni fundi bomba Kiborloni,
tangu darasa la pili anamshikia koleo.
Akanionyesha uzi ulivyoliwa upande mmoja.
Mama Ndewirwa akatuonea huruma, akatupa zamu ya jioni,
maji yasiyogombewa na mtu.

Aikaruwa akaomba katani, akaomba rangi,
akaomba mtu wa kummulikia.
Saning'o akavua koti.
Mwantumu akapiga hesabu kwa mkaa juu ya jiwe, sikumchungulia.
Mkono ulikuwa unaniwasha kusahihisha;
nikautia mfukoni, nikatoa simu, nikawasha tochi.

Mwantumu akasema valvu ni nyepesi, iongezwe uzito.
Mbazi akapinga. Wakabishana hata mbwa wa jirani akaitikia.
Nilijua jibu. Nadhani nilijua.
"Jaribuni yote mawili," nikasema,
nikasogeza mwanga kidogo kushoto.
Aikaruwa akasema, "Hapo. Usitikisike."

Pampu ile ina tabia yake:
katika ndoo kumi zinazoingia
tisa huziachia zirudi zake mfongoni
ili moja ipande.
Nililiandika hilo kwenye mtihani, nikapata alama zote.

Tok. Tok. Tok.
Saa moja na nusu usiku muuguzi wa zamu
akapiga kelele kutoka juu: pipa linalia!

Ripoti ina ukurasa wa mwisho,
mchango wa kila mwanakikundi.
Ya wanne niliijaza hadi nikaomba karatasi ya pili.
Mbele ya jina langu nilikaa sana,
kisha nikaandika: alishika tochi.
Mwalimu Kirarie akazungushia wino mwekundu,
pembeni akaandika: "Fafanua."

Bado ninafafanua.